Kiroboto na Kurasa za Mwisho

Shangazi yangu hajui kukaa. Nalisema mapema, kabla hamjaanza kumwonea huruma. Akila, anasimama. Akiongea na simu, anaizunguka meza mpaka namwambia, shangazi, utaitoboa sakafu. Ni kiguu na njia hata ndani ya chumba cha hatua sita. Tunafanya kazi pamoja kwa dobi: mimi napokea nguo, nabandika vikaratasi vya namba na kuzitundika, yeye anapiga pasi. Nadhani aliipenda kazi hiyo kwa sababu haina kiti.

Watu hushangaa wakisikia kwamba mtu wa namna hiyo anasoma vitabu, tena viwili kwa wiki. Anasoma akipiga pasi. Kitabu anakifungua kwenye ncha ya meza, anakikandamiza kwa pasi mbovu ya zamani, ile nzima iko mkononi, na mvuke unapofuka anageuza ukurasa kwa kidole cha mwisho. Kola mbili zimeshaungua kwa sababu ya mapenzi ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Mwenye duka alifoka mpaka akachoka, maana hakuna mwingine anayeweza kunyoosha mikunjo ya sare za muuguzi vile.

Kila Jumamosi tukishafunga, saa nane mchana, tunapanda ngazi kwenda chumba cha juu kwa mshona mapazia. Ana meza ndefu ya kukatia vitambaa, na sisi tunaoizunguka tunajiita watu wa Meza. Tuko saba, ingawa wengine huja wakijisikia. Kila mtu anaweka mezani kitabu anachokisoma, anasema yuko ukurasa wa ngapi, kinamfanyia nini moyoni, na anadhani kinamfaa nani kati yetu. Kusimulia mwisho ni mwiko. Dereva wa gari la taka, ambaye husoma hadithi za mapenzi tu na wala haoni haya, aliwahi kutolewa nje dakika kumi akasimame kwenye ngazi kwa kutuambia nani alimwoa nani.

Na kuna saini. Anayemaliza kitabu anaandika ndani ya jalada la nyuma, "Nimefika mwisho," na chini yake jina tunalomwita. Huruhusiwi kumpa mwenzako kitabu ambacho hujakisaini. Mshona mapazia ndiye aliyelianzisha jambo hilo. Alisema huwezi kumwelekeza mtu njia ambayo wewe mwenyewe hujaipita. Tulilipokea kwa mzaha, likawa sheria, na miaka tisa sasa vitabu vyetu vinazunguka na safu za majina mgongoni. Jina la kwanza mara nyingi ni Kiroboto. Ndivyo walivyombatiza shangazi, kwa kuruka kwake kutoka kitabu hadi kitabu, na yeye alilipenda.

Sasa, shangazi hakuwa anamaliza vitabu. Hata kimoja. Zikibaki kurasa thelathini hivi, alianza kuhangaika, anabadilisha mguu wa kusimamia, anachungulia kitabu kingine, na kufikia jioni kile cha kwanza kilishasainiwa na kuwekwa kwenye mfuko wa kwenda Meza.

"Nikishaona mto unaelekea wapi, ya nini niufuate mpaka mwisho?" aliniambia siku nilipomfuma. "Tena mwisho unaudhi. Umekaa na watu wiki nzima, unawajua mpaka kikohozi chao, halafu wanakufungia mlango."

"Lakini unasaini, shangazi."

"Nasaini nilipofika. Mwisho wangu ni pale."

Nilicheka. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na nimelibeba. Tuliishi chumba kimoja, nilijua kila kitu, nikaona ni kichekesho.

Katika sisi saba, msomaji wa polepole kuliko wote ni fundi saa. Anasoma kila ukurasa mara mbili, kwa ile miwani yake ya lenzi moja iliyosukumwa juu ya paji la uso kama jicho la akiba. Kitabu kimoja kinamchukua wiki nne, na siku akikizungumzia mnanyamaza, kwa sababu ameona vitu ambavyo ninyi mlivipita mkikimbia. Miaka mitatu iliyopita binti yake wa pekee, wa miaka tisa, alizama kwenye shimo la machimbo lililojaa maji ya mvua. Mwaka mzima fundi hakugusa kitabu. Aliporudi Meza, hakuna aliyetangaza lolote, ila kila kitabu kilichomwelekea kilichujwa kwanza. Kikiwa na mtoto na maji ndani yake, muuguzi, naye ni mtu wa Meza, alikohoa, nacho kikapita kwenda kwa mtu mwingine. Fundi hakuwahi kukiuliza kile kikohozi.

Kitabu cha mfuga njiwa kilitujia kwa bahati. Mteja alikisahau katika mfuko wa koti, akasema tukae nacho. Shangazi akakisoma akipiga pasi siku tatu, akicheka peke yake. Kilikuwa cha baba mmoja mbishi anayefuga njiwa juu ya paa na kugombana na majirani wote, na kijana wake mdogo anayejua jina la kila njiwa. Jumamosi yake shangazi alikipeleka Meza, akakiweka katikati.

"Hiki ni cha fundi," alisema. "Fundi, kitakuchekesha mpaka lenzi ianguke."

Muuguzi hakuwepo siku hiyo, alikuwa zamu. Fundi alikifungua nyuma kwanza, kama kawaida yetu, akaona saini moja tu, ya Kiroboto. Akaitikia kwa kichwa, akakitia ndani ya koti.

Wiki tatu zilipita. Jumamosi ya nne fundi hakuja, na hilo tuliliona, kwa sababu hajawahi kukosa tangu arudi. Muuguzi alikuwepo. Katikati ya maongezi akauliza fundi amechukua nini safari hii, na mshona mapazia akamwambia, kile cha njiwa.

Muuguzi aliweka kikombe chake chini.

"Cha baba na njiwa juu ya paa? Nilikisoma chuoni." Alimgeukia shangazi. "Dada, umempa fundi kitabu hicho?"

"Nimempa. Kina nini?"

"Kina nini? Umekisaini, halafu unaniuliza kina nini? Yule mtoto si anazama mtoni? Umesoma ukafika pale, ukamkumbuka fundi, ukasema kinamfaa?"

Chumba kizima kilimtazama shangazi. Nilimwona anavyopima: akikiri hajasoma, miaka tisa ya saini zake inageuka karatasi tupu, akinyamaza, ni mtu mwenye moyo wa jiwe. Akajongea mezani. Hakukiri, wala hakukanusha. Alichukua kitabu kingine mezani, cha vichekesho, mali ya dereva wa taka, akaniambia, "Twende," na tayari alikuwa kwenye ngazi.

Njiani alikuwa anahesabu kwa sauti. "Wiki tatu. Siku ishirini na moja. Yeye ni kurasa nane kwa siku, siyo? Nane, siku mbaya saba. Mia na arobaini na saba. Mia na sitini na nane. Hajafika. Mimi niliacha mia na sabini na nane na kijana alikuwa mzima, anarusha njiwa. Hajafika huyu. Tembea basi."

"Natembea, shangazi."

"Unatembea kama bibi harusi."

Mpango wake ulikuwa rahisi: atamwambia kile cha njiwa kimeombwa na mwenyewe, ampe cha vichekesho, yaishe. Kibanda cha fundi kilikuwa kimefungwa, kufuli mlangoni. Muuza magazeti wa jirani alisema hajafungua tangu Alhamisi. Shangazi alilitikisa lile kufuli, kana kwamba fundi amejificha ndani yake. Tukaenda nyumbani kwake, mtaa wa nyuma ya ghala la mbao, ambako anaishi na dada yake mkubwa.

Dada mtu alitukaribisha, shangazi akagoma kuingia, akabaki kizingitini akibadilisha miguu.

"Ametoka," dada mtu alisema. "Siku mbili hizi hali chakula vizuri. Alhamisi alikuwa anasoma hapo dirishani, akakifunga kitabu, akaingia kulala saa kumi jioni. Nimemuuliza, hasemi. Leo ameniambia anakwenda stesheni kuijaza saa ufunguo. Amekichukua kitabu, ila hakifungui, anakishika tu."

Shangazi hakuaga. Mimi ndiye niliyebaki nikiomba radhi kwa niaba ya ukoo.

Nilimkuta kona ya pili, amesimama. Nalisema kwa sababu ni nadra. Alikuwa ameegemea ukuta wa ghala, kile cha vichekesho kifuani.

"Ameshafika," alisema. "Alhamisi. Amefika pale akiwa peke yake, dirishani. Mimi nilikuwa wapi Alhamisi? Napiga pasi mashuka ya hoteli, nacheka na kitabu kingine."

"Turudi, shangazi. Maji yameshamwagika."

"Usinifundishe methali." Akaanza kutembea tena, safari hii taratibu, na hakuhesabu chochote.

Stesheni hiyo ina saa kubwa juu ya ofisi ya tiketi, ya zamani kuliko sisi sote, na kila Jumamosi fundi hupanda ngazi ya chuma kuijaza. Niliogopa kuikuta imesimama. Ilikuwa sahihi, saa kumi na dakika tano, ndivyo alivyo yule mtu hata akiumwa. Yeye alikuwa kwenye benchi chini yake, ufunguo mrefu wa shaba ubavuni, kitabu mapajani. Abiria walikuwa wameshaondoka na treni ya mchana, na mfagiaji alikuwa mbali, mwisho wa jukwaa.

"Fundi," shangazi alisema, "nimekuletea kingine. Hicho mwenyewe anakitaka."

Fundi alikitazama kile cha vichekesho, hakunyoosha mkono.

"Nimefika mia na themanini na tatu," alisema.

Mimi nilijikuta nausoma ubao wa nauli.

"Kijana ameingia mtoni kumfuata njiwa aliyeanguka," fundi aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemweleza mteja kwamba springi imekatika. "Wamemtoa jioni. Baba amelala kwenye mkeka, amegeukia ukutani. Hapo ndipo nilipofunga. Nina swali moja, Kiroboto, nawe ndiye uliyefika mwisho, kwa hiyo utanijibu. Kusimulia mwisho ni mwiko, lakini leo nisamehe. Yule baba anaamka?"

Hapo nilimwona shangazi akiwa na jibu mdomoni. Ndiyo, anaamka. Neno dogo. Lingemtuliza fundi, lingeziokoa saini zote, na labda hata lingekuwa kweli. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Sijui," alisema. "Sikumaliza. Niliacha kijana akiwa mzima. Sijawahi kumaliza, fundi. Hiki wala vingine."

"Najua," fundi alisema.

Alikifungua kitabu, akakiinua kuelekea mwanga ili tuone ukingo wa karatasi. Kuanzia mwanzo kurasa zilikuwa zimejikunja mawimbi madogomadogo kwa mvuke wa pasi. Halafu, ghafla, zilizobaki zilikuwa zimenyooka, bapa, kama shuka ambalo halijatolewa kwenye karatasi yake. Mpaka ulikuwa wazi. Miaka tisa shangazi alikuwa akituandikia ushahidi dhidi yake mwenyewe, na ni mtu mmoja tu kati yetu mwenye jicho la kuusoma.

"Vitabu vyako vyote viko hivi," alisema. "Nililijua zamani, nikasema si neno, kila mtu na ulemavu wake. Lakini juzi nilipopita pale nikazigusa hizi kurasa laini, nikaelewa kwamba huko mbele hakuna aliyepita. Ningekuwa na mtu hata mmoja aliyetangulia, ningeendelea. Peke yangu nilishindwa."

"Kama ulijua, mbona umeniuliza?"

"Nilitaka nione kama utanidanganya mara ya pili."

Shangazi alilia. Hakujifuta, alisimama tu pale, mikono imening'inia, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, na mimi nikaona haya ya kumwona. Fundi hakumbembeleza. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Alisogeza ule ufunguo wa shaba upande wa pili, pakawa na nafasi kwenye benchi.

"Kaa," alisema.

"Fundi, mimi—"

"Kaa, usome. Kwa sauti. Zimebaki ishirini na tisa."

Akakaa. Nawaambia ukweli, sikuwahi kumwona shangazi ameketi muda ule wote, wala sijamwona tena. Alianza vibaya, anameza maneno, anakimbia. Fundi alikuwa akisema, "Rudia," naye akarudia. Ukurasa wa mia na tisini goti lake lilikuwa linatetemeka mpaka benchi linagonga, fundi akaweka kiganja juu ya kitabu, wakangoja litulie, wakaendelea. Treni ya jioni iliingia, ikashusha watu, ikaondoka. Mfagiaji alitufikia, akasikiliza kidogo akiegemea ufagio, akatuzunguka bila kutuambia tuinue miguu.

Mwiko ni mwiko, na huu nauvunja nusu tu. Yule baba haamki siku ya pili, wala ya tatu. Majirani wanakuja na maneno yao, hayamsaidii. Siku ya nne anasikia njiwa juu ya paa. Hakuna aliyewalisha. Anapanda kuwalisha kwa sababu wana njaa, anawatukana kila mmoja kwa jina, na majina hayo aliyatoa kijana. Kitabu kinaishia hapo.

Shangazi alifunga. Fundi akaitazama saa yake ya juu, akaitazama ya mkononi.

"Basi ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu, fundi."

"Hakuna kikubwa zaidi."

"Hakuna."

"Sawa," alisema fundi, na uso wake ulikuwa umelowa. "Hicho kinawezekana."

Jumamosi iliyofuata shangazi alipanda kwa mshona mapazia na kalamu nyekundu. Alisimama mbele ya rafu tunapoviacha vitabu vya Meza, akakata jina lake katika vitabu vyote, kimoja kimoja, huku akitaja idadi, mpaka dereva wa taka akamwomba aache, anatisha. Muuguzi hakumsemesha miezi miwili. Alikuwa akiniletea mimi sare zake, zinapigwa na shangazi, zinarudi kwangu, na kati yao hakuna salamu. Sasa shangazi anavisoma vile vitabu upya, kurasa za mwisho tu. Anavimaliza akiwa amesimama, anafoka, anauliza nani alimtuma. Siku nyingine ananiamsha alfajiri kunieleza jinsi mwandishi fulani alivyoharibu kazi yake mwishoni. Nadhani alikuwa na furaha zaidi zamani. Ila akisaini, anasaini.

Mwezi uliopita alikuja mgeni Meza, mama mmoja anayeshona sare za shule, amemzika mwanawe mwaka jana. Muuguzi alitunong'oneza mapema. Kila kitabu kilipomwelekea, kikohozi kilisikika, naye yule mama akabaki mikono mitupu, anatazama vitabu vinavyompita. Fundi saa akatia mkono ndani ya koti, akatoa kile cha njiwa. Muuguzi akakohoa. Fundi akakisukuma mezani hivyohivyo mpaka mbele ya yule mama, akakigeuza nyuma: jina moja limekatwa kwa nyekundu, chini yake Fundi Saa, na chini ya Fundi Saa, Kiroboto tena.

"Kuna mahali pabaya ndani yake," alimwambia, "ukurasa wa mia na themanini na tatu. Ukifika hapo, mama, usisimame. Tumepita wawili."

Shangazi alikuwa dirishani, anahama mguu hadi mguu. "Na ukishindwa," alisema, "niko chini hapo kwa dobi, Jumatatu hadi Ijumaa mpaka saa kumi na moja. Njoo nacho. Nitakaa."